Viatu vya Dorcas Langoni kwa Stickland

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kunyesha kwa nia mbaya wiki ile Dorcas alipoacha kiatu chake cha mbele langoni kwa Kelvin Stickland. Thelma Loder, aliyekuwa juu ya tandiko la farasi huyo, alisikia mnyonyo mrefu chini yake, kama mtu anayechomoa mwiko kwenye sufuria ya uji mzito. Kisha mwendo wa farasi ukabadilika, mguu mmoja ukawa hautoi mlio kama wenzake. Alishuka, akakunja mkono wa koti, akapiga magoti na kupapasa ndani ya tope mpaka likamfika begani. Hakupata kitu. Udongo wa Bonde la Blackmore, kusini mwa Uingereza, ni mfinyanzi mtupu. Kitu kikizama humo majira ya baridi, hutoka kiangazi, tena kikipenda.

Kelvin alikuwa upande wa pili wa ua, juu ya trekta. Alizima injini ili amwone vizuri.

"Umepoteza kitu, Bi Loder?"

"Kiatu."

"Kingine?"

"Kingine."

"Si niliwaambia? Hapa si mahali pa farasi majira haya. Barabara ipo."

Thelma alimshika Dorcas hatamu. Alifunga lango, akasukuma komeo mpaka likalia, akamkokota Dorcas kwa miguu hadi nyumbani huku tope likimkaukia kwapani.

Kijijini pale karibu kila mtu wa rika la Kelvin alimwita Bi Loder, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpishi wa shule walipokuwa wadogo, na mtu aliyekupakulia kabichi ukiwa na meno ya utoto huwezi kumwita Thelma hivi hivi. Sasa alikuwa mjane, amestaafu, goti moja lina matata, na shughuli yake kubwa ilikuwa Dorcas: farasi jike mfupi, mpana kama kabati, mwenye kwato kubwa kama sahani na manyoya marefu miguuni. Si farasi wa kushinda mashindano. Ni farasi wa kukufikisha.

Na pa kufika palikuwa ni kilimani, kwenye msitu na nyika ya chokaa iliyo juu ya bonde, ambako mtu akiwa juu ya farasi anaona mashamba mpaka macho yachoke. Kutoka kijijini kwenda huko kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni njia ya farasi, ya tangu zamani, inayokatiza mashamba ya Stickland. Ya pili ni barabara ya lami, nyembamba, yenye ua mrefu wa miti huku na huku, na malori ya maziwa yanayopita kwa kasi kana kwamba maziwa yanachacha njiani.

Thelma alikuwapo barabarani siku lori lilipomgonga rafiki yake, Avril Gulliver. Alikuwa nyuma yake kidogo tu. Farasi mdogo wa Avril alikufa palepale, na Avril alivunjika nyonga. Thelma alikaa naye kwenye majani ya kando, akimshika mkono na kumzuia asigeuze shingo kutazama. Baadaye, kwenye korido ya hospitali, alisema kwamba hatapeleka tena farasi kwenye barabara ile maadamu yu hai. Alisema mara moja tu, wala hakuna aliyemwomba arudie.

Kelvin naye alikuwa na donda lake. Mwaka uliotangulia, mpanda farasi mmoja, mgeni asiyejulikana, alipita akaliacha lango wazi. Mitamba wa Kelvin walitoka mpaka barabarani, mmoja akagongwa, na dereva aliyemgonga akaponea chupuchupu. Tangu siku ile Kelvin hakutaka kuona farasi shambani kwake. Aliiomba halmashauri iifute njia ile na kuihamishia kando ya barabara, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba majira ya baridi haipitiki: hata Bi Loder, aliyezaliwa hapahapa, farasi wake anaacha viatu pale kila mara. Halmashauri ikajibu kwamba itamtuma afisa aje kutazama kabla Februari haijaisha.

Lakini hakuwaambia kwamba hori kubwa la kulishia mitamba nyasi kavu alikuwa amelisogeza mpaka karibu kabisa na lango, ili wasimame pale kutwa nzima wakikanyaga na kunya, wala kwamba mtaro wa pembeni ulikuwa umeziba na hakutaka kuuzibua. Halikuwa kosa ambalo mtu angeweza kulishitaki. Mtu huweka hori lake anapotaka.

Siku iliyofuata alikuja Clive Hallett, fundi wa kwato, na gari lake lenye tanuri nyuma. Clive alikuwa mtu wa maneno machache na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Aliuinua mguu wa Dorcas, akaubana katikati ya mapaja yake, akautazama ukwato uliomeguka pale misumari iliponyofoka.

"Safari hii kiatu kimeng'oka na nyama yake," alisema. "Ukiendelea hivi, bibie, sitakuwa na pa kupigilia msumari. Tuvivue vitatu vilivyobaki, umpumzishe mpaka Aprili. Kila mwenye akili anafanya hivyo."

"Nikimpumzisha mpaka Aprili, Kelvin atamwambia afisa kwamba hapajapita farasi hata mmoja."

"Basi mpande bila viatu."

"Kule kilimani kuna mawe ya gumegume, yanakata kama chupa. Unajua vizuri kuliko mimi."

Kweli Clive alijua. Thelma akamuuliza kama hakuna namna ya kulizuia tope lisivue viatu. Fundi akacheka puani.

"Tope halivui kiatu. Anayevua ni yeye mwenyewe. Tope linaushika mguu wa mbele, unachelewa kutoka. Wa nyuma unakuja kwa wakati wake, unakanyaga kisigino cha kiatu cha mbele. Mguu wa mbele ukinyanyuka, kiatu kinabaki. Umewahi kukanyagwa ndala na mtu wa nyuma yako? Ndiyo hiyo."

Thelma alifikiri kidogo. Kisha akasema kwamba kama shida ni kuchelewa kwa mguu wa mbele, basi dawa ni kuuwahisha huo na kukificha kisigino chake, na hilo si kazi ya mvua, ni kazi ya Clive.

Clive aliuachia ule mguu, akajinyoosha mgongo. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama atachukua kazi au ataondoka. Mwishowe alimwambia kwamba atafanya, lakini kwa masharti yake, na siku atakayoyavunja asimpigie tena simu. Viatu vya mbele atavikata visigino viwe vifupi, visitokeze nyuma ya ukwato hata kidogo. Ncha ya mbele ataiviringa ili mguu uondoke mapema. Ataongeza masikio ya chuma ubavuni ili kiatu kishike. Na atakuja kukata kwato kabla hazijapata nafasi ya kurefuka, si kungoja mpaka kiatu kianze kucheza kama jino la mzee. Upande wake Thelma, atamvalisha vikinga vya mpira, vile vinavyozunguka ukwato kama kengele, kila anapotoka. Atamlaza bandani juu ya majani makavu, maana ukwato uliolowa usiku na mchana hulainika kama mkate kwenye chai na msumari haushiki. Na kwenye tope atakwenda hatua kwa hatua, hatamu zikiwa zimelegea, farasi aone anapoweka mguu.

"Ukimkimbiza mle ndani, umeniharibia kazi," alimaliza.

"Na lango lenyewe?"

"Lango si ukwato. Hilo ni lako na Kelvin."

Basi Thelma akaligeukia lango. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichaka cha miti ya fito, ile ambayo wazee wa bonde walikuwa wakiikata na kuifunga matita ili kupitisha mikokoteni mahali pabovu. Alikata fito siku nzima kwa msumeno wa mkono. Avril alikuja na fimbo yake ya kutembelea, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akawa anafunga matita kwa kamba ya nyasi kavu. Waliyapakia juu ya toroli, na Thelma akayalaza langoni, moja baada ya jingine, yakikingama njia, akayashindilia kwa visigino vyake mpaka maji yakapanda juu na fito zikashika. Dorcas alipita juu yake akipiga chafya, miguu ikitoka bila mnyonyo.

Asubuhi yake matita yalikuwa yametupwa juu ya ua. Alama za matairi ya trekta zilikuwa bado mbichi.

Thelma aliyashusha, akayarudisha. Yakatupwa tena. Kilabuni wakaanza kumtania kwamba anajenga kiota, wakamuuliza mayai atataga lini. Aliwaambia kwamba akitaga atawaletea, na wakaangue wenyewe maana hakuna kazi nyingine wanayoiweza. Akakata fito nyingine. Zamu hii hakuondoka. Alisimama juu ya matita yake katikati ya lango, viatu vyake vya mpira vimezama nusu, akangoja. Trekta ikaja, ikasimama karibu naye, ikiunguruma.

"Ondoka, Bi Loder. Nitakuumiza bure."

"Basi niumize."

"Hili ni shamba langu."

"Shamba ni lako. Njia si yako. Haikuwa ya baba yako wala ya babu yako, na baba yako alipajaza kokoto hapa kwa mikono yake, mimi nikiwa napita."

Kelvin aliegemea usukani. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayeamka kukamua kabla ya jua. Alimwambia kwamba Thelma hakumwona yule mtamba barabarani. Alikuwa bado anapumua, utumbo nje, na ilimbidi Kelvin amngoje daktari wa mifugo akiwa amepiga magoti kando ya mnyama. Je, nani atamhakikishia kwamba lango litafungwa? Nani?

Maneno hayo yalimgusa Thelma, na hakutaka yamguse. Alikuwa ameyaona mambo kama hayo kwenye lami ileile.

"Mimi nalifunga," alisema. "Nimelifunga tangu wewe hujazaliwa. Mtu aliyekuachia wazi nenda kamtafute. Usinipeleke mimi kufa barabarani kwa sababu humjui jina."

"Ungekuwa mtu mwingine ningekwisha kuita polisi."

"Ita. Simu unayo mfukoni, naiona."

Hakuita. Aliirudisha trekta nyuma, akageuza, akaenda zake. Matita hayakutupwa tena, ila hori nalo halikusogezwa hata inchi, na mitamba waliendelea kuyakanyaga matita mpaka yakazama. Kila wiki Thelma akawa anaongeza mengine juu yake. Alikuwa anajenga kitu ambacho hakionekani, na alijua.

Desemba ikaisha bila kiatu kupotea. Clive alikuja, akainua mguu baada ya mguu, akagonga misumari kwa kidole, hakusema neno. Kwa Clive hiyo ilikuwa sifa.

Kilichokuja kumwangusha Thelma si tope. Asubuhi moja ya Januari, jua limetoka baada ya siku nyingi, alikuwa akirudi kutoka kilimani, amechangamka, na mbele yake akamwona Kelvin ameegemea mwimo wa lango lililo wazi pamoja na mkulima mwingine, wakimtazama. Mmoja alisema jambo, wakacheka. Huenda hata halikumhusu. Lakini Thelma alitaka kuwaonyesha. Alikaza hatamu, akambana Dorcas mbavuni, akapita pale langoni akikimbia, tope likiruka mpaka kwenye kofia zao.

Mlio aliufahamu kabla hajashuka. Kiatu hakikutoka chote. Kilijipinda kando, na msumari ukaingia kwenye wayo laini wa Dorcas. Damu ilikuwa kidogo tu. Dorcas alisimama kwa miguu mitatu, akimtazama, wala hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wale wanaume waliacha kucheka. Kelvin ndiye aliyeleta koleo kutoka kwenye trekta akakishika kichwa cha farasi wakati Thelma akikichomoa kile chuma. 

Clive alipokuja alimwambia yote aliyostahili kuambiwa, na mengine zaidi. Akausafisha wayo, akaufunga, akasema farasi apumzike mpaka atakapokanyaga bila kusita. Thelma alishinda bandani, akibadilisha kitambaa na kuukanda mguu kwa maji ya chumvi. Ndani ya siku zile alijiuliza kama hakuwa bibi kizee mbishi tu anayemwua mnyama kwa ajili ya uhasama wa jirani. Avril alimkuta amekaa juu ya mzigo wa majani, chai imempoa mkononi.

"Kama unafanya hivi kwa ajili yangu, acha," Avril alisema. "Mimi sipandi tena, Thelma. Hata njia ikibaki, mimi sipiti."

"Sikufanyii wewe."

"Basi nani?"

Thelma alikizungusha kikombe. "Nimeambiwa nikafie barabarani, tena niende kwa adabu. Sitaki. Ni hivyo tu. Sitaki."

Avril aliichukua ile chai, akaimwaga, akamwekea nyingine.

Dorcas alipoweza kukanyaga vizuri walianza upya, polepole kuliko kwanza. Thelma alijifunza kupumua polepole anapolikaribia lango, maana farasi husikia pumzi ya mtu kupitia tandiko. Akajifunza kumwacha Dorcas asimame ukingoni, ainamishe kichwa, anuse, achague. Mara nyingi alichagua mahali ambapo Thelma asingepachagua, na mara zote alipachagua vizuri. Kelvin akiwepo, Thelma alimsalimu kwa kichwa na kupita kwa mwendo uleule wa kobe. Kupita polepole mbele ya mtu anayekutazama, aligundua, kunahitaji moyo kuliko kukimbia.

Afisa wa halmashauri alifika mwisho wa Februari, siku ya mvua ya kulowesha. Aliitwa Bi Pask, mwanamke mwembamba mwenye koti refu la plastiki, na hakutaka chai ya mtu yeyote. Alisimama kando ya lango na Kelvin. Hori lilikuwa palepale. Tope lilikuwa limefika mahali ambapo mtu hawezi tena kuliita tope. Lilikuwa ziwa lenye ngozi. Avril alikuwa nyuma ya ua kwa upande wa njia, chini ya mwavuli, ingawa aliambiwa abaki nyumbani.

Thelma alikuja kutoka kijijini, hatamu zimelegea. Dorcas alisimama ukingoni. Alinusa. Bi Pask akamtazama Kelvin, Kelvin akatazama viatu vyake mwenyewe. Farasi akaendelea kunusa mpaka Avril akaanza kuuma kidole cha glavu. Kisha akaingia, akaelekea kulia karibu na mwimo, ambako matita ya miezi mitatu yalikuwa yamelala yamebebana huko chini, tope likampanda mpaka magotini, na mguu mmoja mmoja ukatoka, ukaingia, ukatoka. Akapanda upande wa pili, akajitikisa, akamrushia Bi Pask tope kwenye lile koti la plastiki.

Thelma alishuka, akafunga lango, akasukuma komeo. Bi Pask aliomba kuona kwato. Thelma aliziinua zote nne, akazifuta kwa kiganja. Chuma kilikuwa mahali pake.

"Leo amepita," Bi Pask alisema. "Lakini nimekuja siku moja tu, na mliijua siku yenyewe." Akamgeukia Kelvin. "Bwana Stickland, wewe uko hapa kila siku. Umeandika kwamba hapapitiki. Huyu farasi amekuwa akipita?"

Thelma hakumtazama. Alishika nywele za shingoni mwa Dorcas, akangoja kusikia uongo, na alikuwa tayari kuujibu.

Kelvin alijifuta uso. Mvua ilikuwa ikichuruzika kwenye ukingo wa kofia yake.

"Alikuwa akipita," alisema. "Tangu Novemba. Isipokuwa alipoumia."

"Na lango?"

"Lango amelifunga." Akalishika komeo. "Kila mara. Nilikuwa nakuja kuangalia."

Njia haikufutwa. Halmashauri ilimtaka Kelvin aondoe hori na kuzibua mtaro, na yenyewe ikaleta lango jipya linalojifunga lenyewe hata kama mpitaji ni mjinga. Kelvin aliyafanya yote bila kuchelewa na bila kumsemesha Thelma. Walipokutana dukani aligeuka kutazama rafu ya biskuti. Watu walisema ungetegemea wangepatana baada ya vile alivyosema ukweli. Thelma alijibu kwamba kusema ukweli si kupatana, na yeye hamdai mtu tabasamu.

Nyasi zilipoota tena langoni, wapanda farasi wengine walijitokeza kutoka vijiji vya jirani, wasafi, wakimpongeza, wakimwambia kwamba nao daima walikuwa upande wake. Aliwauliza walikuwa wapi Januari, akawaacha wakitafuta jibu.

Ilikuwa mwezi wa Juni Kelvin alipokuja mlangoni kwake, kofia mkononi, kama mvulana aliyetumwa na mwalimu. Hakukubali kuingia.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu, Bi Loder. Nitaomba tena njia ifutwe. Mwaka huu nitaleta na mwanasheria."

"Mlete."

"Sina ugomvi na wewe."

"Mimi ninao. Lakini nashukuru umekuja."

Alisitasita pale kizingitini, kana kwamba kulikuwa na jambo lingine, kisha akaivaa kofia yake akaondoka. Thelma alimtazama mpaka alipofika kwenye kona. Akaingia ndani akampigia simu Clive Hallett, akamwambia apange kabisa safari zake za majira ya baridi, na ya kwanza iwe mapema, kabla mvua hazijashika. Clive alimwambia kwamba ni Juni, kwamba yeye ni kichaa, na kwamba atakuja.